Meno ya Mheshimiwa

Nyumbani kwetu tunaishi watu wanne na Mheshimiwa mmoja. Watu ni Baba, Mama, Bibi mzaa Mama, na mimi. Mheshimiwa ni gari.

Si gari la kumpeleka mtu sokoni. Ni gari la michezo kutoka nchi za mbali, limelala chini kama mtu anayechungulia uvunguni. Lina viti viwili tu, injini imekaa nyuma ya migongo ya abiria, milango hufunguka kwenda juu kama mbawa za kuku aliyeshtuka, na taa za mbele hulala ndani ya boneti mpaka ziamshwe. Lilifika kwetu miaka mitatu iliyopita juu ya lori, chini ya turubai, likiwa limekufa. Baba alisimama langoni amevua kofia.

"Hilo ni nini?" Mama akauliza.

"Ni fursa," Baba akasema.

Baba yangu ni fundi wa meno ya bandia. Naomba jambo hilo lishikwe vizuri, maana ndilo lililotufikisha tulipofika. Mafundi wa magari wana nyundo, gesi ya kuchomelea na matusi. Baba ana brashi ndogo ndogo, plasta ya kuchukulia alama za vinywa, na kopo la unga wa waridi ambao ukikorogwa na dawa yake hugeuka kuwa fizi. Alimfufua Mheshimiwa kwa vifaa hivyo hivyo. Mlango wa kushoto peke yake ulimla miezi mitano, kwa sababu aliung'arisha wote kwa brashi ya kung'arishia magego. Matundu ya kutu aliyatibu kama anavyotibu vinywa: akachokonoa, akasafisha, akapuliza, akajaza fizi, kisha akapaka rangi nyekundu juu yake. Na kila alipoingiza bisibisi mahali, alinong'ona, "Fungua kidogo. Hutasikia maumivu."

Nisimcheke sana. Mtu anayechungulia vinywa vya watu kutwa nzima ana haki ya kupenda kitu kimoja ambacho hakitamwambia kwamba kinabana. Siku alipofaulu kuziamsha zile taa, alikaa sakafuni akazitazama zikifumba na kufumbua mpaka chakula kikapoa mezani, na alipoinuka alijifuta machozi kwa kitambaa cha grisi. Alitembea na miduara myeusi machoni wiki nzima. Wateja wakampa pole, naye akazipokea zote.

Bibi naye alikuwa na hisa katika Mheshimiwa. Kiti cha abiria kiko chini sana, kimelala kidogo, na kinashika mgongo kama kiganja. Bibi alikijaribu siku moja kwa udadisi na tangu hapo kikawa chake. Kila baada ya chakula cha mchana aliingia na redio yake, akafunga mkanda, akasikiliza taarifa ya habari akiwa haendi popote. Kumtoa kulihitaji watu wawili na mpango.

Aliyebaki nje ya mapenzi haya ni Mama. Mama ni mwalimu wa udereva. Ana gari dogo jeupe lenye kibao juu, na gari hilo limelala nje miaka mitatu ili Mheshimiwa alale ndani. Jumapili moja mvua ilipenya dirishani, na Jumatatu mwanafunzi wake akakaa kwenye dimbwi, akainuka, akasema udereva ameuacha. Mama alirudi nyumbani ametulia. Ametulia kabisa. Sisi wote tukaogopa.

"Jumamosi," alisema. "Saa nne kamili asubuhi. Gari lako litatoka gereji kwa miguu yake, litafika kwenye mzunguko wa barabara pale mwisho wa mtaa, litazunguka, litarudi. Mimi nitakuwa ndani na fomu yangu. Likizimika barabarani, likivutwa, likisukumwa hata kwa kidole, mzee wa vyuma chakavu anaondoka nalo. Nimeshamwita."

Baba alizijua taratibu za shule ya mkewe. "Lakini mtahiniwa akifeli anarudia baada ya siku saba."

"Mtahiniwa anarudia," Mama akasema. "Gari halirudii."

Mimi nilikuwepo mezani siku hiyo kwa sababu ambazo si za gari. Shule yangu ni ya bweni, na ilikuwa imenirudisha nyumbani kwa majuma mawili. Kulikuwa na mifupa ya binadamu katika maabara, ile ya kufundishia, na asubuhi moja mifupa hiyo ilikutwa kwenye chumba cha walimu, imevaa koti la mwalimu wa nidhamu, imeshika gazeti. Walimu watatu waliisalimu. Mmoja alikwenda kushtaki kwamba haikumwitikia. Sina la kuongeza.

Hukumu ya Baba ilikuwa fupi. "Utafanya kazi gereji mpaka Jumamosi. Tangu leo wewe ni mfungwa wangu." Akaniita hivyo wiki nzima.

Nilifanya kazi kweli. Nilisugua plagi, nilibana nati, nilimshika Bibi mguu wa kulia wakati Baba anamshika wa kushoto. Na nilimwona Baba akitengeneza kile kipande cha mwisho kilichokosekana. Ni bushi, kipete cha ukubwa wa kizibo cha chupa, kinachoshika fimbo ya gia isiyumbe. Bila bushi, ukitafuta gia ya kwanza unapata ya nyuma, na ukitafuta ya nyuma unapata huzuni. Halitengenezwi tena popote. Baba alikuwa amewaandikia wenye kiwanda, nao wakamjibu kwa barua yenye maneno ya rambirambi. Basi Jumanne akafanya analolijua: akachukua alama kwa plasta, akakoroga unga, akalifinyanga bushi la waridi. Tangu siku hiyo gia ya Mheshimiwa ilikuwa na ufizi.

Sasa nakiri.

Mheshimiwa ana mdomo. Pale mbele, chini ya taa, kuna uwazi mpana wa kuingizia hewa, mtupu, umeachama. Mtoto aliyelelewa katika nyumba ya meno ya bandia hawezi kuuona mdomo mtupu akapita hivi hivi. Jumatano, Baba akiwa kazini na Bibi akisikiliza bei za mazao, nilichukua plasta nikaupiga mdomo ule alama. Alhamisi nilivunja vigae vyeupe vilivyobaki bafuni, nikavikata meno kumi na manne, kila moja kama kiganja. Halafu nikakoroga fizi. Fizi za mdomo kama ule si mchezo. Zilikula kopo zima. Nilirudisha kopo mahali pake, nikalifunga kifuniko kwa heshima zote, nikayaficha meno chini ya turubai. Nia yangu ilikuwa njema: Jumamosi, Mama na mzee wa vyuma chakavu wakisimama langoni na sura zao za mazishi, Mheshimiwa awatokee akitabasamu.

Ijumaa alasiri injini iliwaka.

Haikuwaka kwa aibu. Ilikohoa mara mbili, ikasafisha koo, ikatoa sauti iliyotingisha spana ukutani na kumwangusha paka kutoka dirishani. Bibi alikuwa kitini kwake. Redio ilimtoka mkononi. "Ee," akasema, "kumbe linaongea."

Baba akaingia nyuma ya usukani. Akaweka gia ya kwanza, Mheshimiwa akasogea mbele shibiri moja. Akaweka ya nyuma, akarudi shibiri moja. Furaha ikampanda Baba kichwani, akaishika ile fimbo ya gia akaitikisa kama mtu anayepeana mkono na rafiki aliyepotezana naye miaka. Tukasikia *ka*. Bushi lilikuwa vipande vitatu.

"Si kitu," Baba akasema, bado anacheka. "Nitatengeneza jingine. Dakika arobaini tu." Akaenda rafuni. Akalishusha kopo. Akafungua kifuniko, akatazama ndani, akaligeuza, akaligonga kitako.

"Mfungwa."

"Naam, Baba."

"Unga wangu uko wapi?"

Nilifikiria panya. Nilifikiria unyevunyevu. Mwishowe nikaenda kulivuta turubai.

Baba aliyatazama yale meno. Akachuchumaa. Akayapitishia kidole.

"Alama ulichukua kabla ya kusafisha mdomo au baada?"

"Baada."

"Mpangilio wa magego si mbaya," akasema kwa sauti ya mbali. Nikapata tumaini kidogo: kama kuna fizi nyingi hivi, si akate hapo kipande achonge bushi? Naye alikuwa ameshafika huko. Akashika ukingo wa ufizi, akaukunja. Ukamegeka bila kulalamika, na ndani ulikuwa na matundu matupu. "Hukukandamiza. Ufizi haukorogwi ukaachwa, unakandamizwa mpaka hewa yote itoke. Huu ni mkate, mwanangu."

"Tukanunue mwingine."

"Duka la vifaa limefunga saa tisa. Litafunguliwa Jumatatu."

Akakaa juu ya tairi. "Basi," akasema. Alikuwa hajanikasirikia. Ningemwomba anikasirikie kama ningejua namna ya kuomba.

Sauti ikatoka ndani ya gari. "Nitoeni."

Tukamtoa Bibi, Baba mguu wa kushoto, mimi wa kulia. Akasimama, akajinyoosha nguo, akatugeuzia mgongo kidogo kwa staha. Alipogeuka tena alikuwa na meno yake ya chini mkononi. Akayafuta kwa ncha ya nguo, akayaweka juu ya boneti.

"Haya hapa," akasema. Maneno yalitoka na upepo mwingi lakini yalieleweka. "Haya yalikandamizwa."

Baba akasimama wima. "Hapana, Mama. Haya siwezi. Haya nilikutengenezea mwaka niliokuja kuposa."

"Najua. Ulinijaza meno ili nishindwe kukataa." Akayasukuma mbele kidogo. "Nimeyatafunia miaka kumi na minane. Hayajawahi hata kucheza. Mtu aliyetengeneza haya hashindwi na kijipete."

"Utakula nini mpaka Jumatatu?"

"Nitakunywa. Kata, mkwe wangu, kabla sijakumbuka kwamba nayapenda."

Baba akakata. Alifanya kazi amevaa koti lake jeupe la kazini, na mimi nikamshikia taa kama muuguzi. Kutoka kwenye ule mviringo alipata nusu pete mbili, moja ya kulia na moja ya kushoto, akaziunganisha kwa waya, akazisugua mpaka zikaingia mahali pake kama zilizozaliwa humo. Gego moja lilikataa kutoka, naye hakutaka kulilazimisha, akaliacha limechomoza. Hata leo ukiingiza gia ya pili unalisikia likigonga.

Nilikuwa nimeyabeba yale meno yangu ya vigae kwenda kuyatupa. Bibi akaniona.

"Unayapeleka wapi hayo, mume wangu?"

"Jalalani, Bibi."

"Yafunge pale mbele. Mimi sina, na yeye asiwe nayo? Mmoja wetu lazima awe na meno."

Nikayafunga kwa bolti nne.

Jumamosi saa nne kasorobo mzee wa vyuma chakavu alikuwa ameshafika. Ni mtu mpole, mwenye mnyororo. Aliupanga vizuri karibu na lango, akaukalia, akaletewa chai. Mama alitoka na shati jeupe, ubao wa kuandikia na kalamu mbili, ya pili ikiwa ya kuandikia waliofeli. Akafika mbele ya Mheshimiwa, akasimama.

"Hili wazo ni la nani?"

Hakuna aliyenitaja. Walinitazama tu, Baba na Mama, na mzee wa vyuma chakavu akawa wa tatu.

"Mtahiniwa yuko tayari?" Mama akauliza.

"Yuko tayari, mwalimu," Baba akasema. Alikuwa amevaa lile koti jeupe tena na amechana nywele.

Mama akauinua mlango wa abiria. Ndani alikaa Bibi, mkanda kifuani, redio mapajani.

"Mama, shuka tafadhali. Kuna mtihani."

"Najua. Ndiyo maana nimekaa."

"Viti ni viwili tu. Kimoja cha mtahiniwa, kimoja changu."

"Na meno yangu yamo humu. Yakienda, nakwenda. Yakibebwa na mnyororo, nabebwa nayo." Akaongeza sauti ya redio.

Mama alitutazama mimi na Baba. Sisi tukaangalia miguu yetu, ile miguu minne ambayo ingeweza kumtoa Bibi kama ingetaka. Saa ya Mama ikafika nne kamili, ikapita.

"Mimi si mtu wa shule," mzee wa vyuma chakavu akasema kutoka kwenye mnyororo wake, "lakini nilivyoelewa, anayetahiniwa ni gari. Dereva awe yeyote. Nina safari nyingine."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mama akanyoosha mkono, na Baba akazitoa funguo mfukoni kama mtu anayeng'olewa kitu bila ganzi.

"Gia ya pili usiilazimishe," akasema. "Iingize kama unavyomvalisha meno mtu aliyelala."

"Sijawahi kumvalisha meno mtu aliyelala."

"Basi taratibu tu."

Mama akaketi. Akarekebisha vioo, akafunga mkanda, akataja kila hatua kwa sauti kama anavyowafundisha watu. Akawasha. Injini ikanguruma, akaachia klachi, na Mheshimiwa akaruka kama chura, akazimika.

Mzee wa vyuma chakavu akaweka kikombe chini, akaushika mnyororo. Nikamtazama Baba.

"Nilisema barabarani," sauti ya Mama ikatoka ndani. "Hapa bado ni gereji. Haihesabiki."

Sijawahi kumsikia Mama akimwonea mtahiniwa huruma. Kuna mwanafunzi aliyemfelisha kwa kupiga chafya kwenye kona.

Mara ya pili Mheshimiwa alitoka. Akapita langoni kwa mwendo wa bibi harusi, taa zimeamka, meno kumi na manne yakimeta, kiashiria kikiwaka kama inavyotakiwa. Jirani aliyekuwa akifua aliacha nguo ikadondoka mchangani. Tukasikia gego likigonga kwa mbali: gia ya pili. Kisha tukasikia kitu kingine, sauti ndefu inayopanda, ikapinda kona, ikaisha.

Kwenda kwenye mzunguko na kurudi ni dakika tano. Zikapita kumi. Baba akasema labda kuna foleni. Zikapita ishirini. Akasema labda Bibi ameomba kushuka, akajikumbusha mwenyewe kwamba hawezi kushuka. Katika dakika ya thelathini mzee wa vyuma chakavu alianza kuniuliza kwa upole uzito wa injini.

"Bushi limekatika," Baba akasema. "Limekatika, na mama yako hawezi kusema, maana ana huruma." Akachukua sanduku la vifaa, akaanza kukimbia kuelekea kwenye mzunguko, koti jeupe linapepea nyuma yake. Nikamfuata. Mzee akatufuata na mnyororo, kwa kuwa hakuna aliyemwambia abaki.

Tulikuwa hatujafika nusu ya mtaa tuliposikia mngurumo nyuma yetu. Mheshimiwa alikuwa anakuja kutoka upande mwingine kabisa, ule wa barabara kuu. Akatupita, akarudi kinyumenyume bila kusita, akaingia langoni, akasimama katikati kabisa ya gereji. Tulipofika tukihema, meno yalikuwa yamebaki tisa.

Mlango ukainuka. Nywele za Mama zilikuwa zimesimama zote upande mmoja.

"Kulikuwa na nini?" Baba akauliza. "Gia? Ni gia?"

"Kwenye mzunguko kulikuwa na gari la mafunzo mbele yangu," Mama akasema. "Linatambaa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nikatafuta njia nyingine."

"Amelipita basi la abiria," Bibi akasema kutoka kitini kwake. "Halafu akageuza, akalipita tena, ili dereva aone meno."

"Mama."

"Nasema niliyoyaona."

Mama alitandika fomu yake juu ya boneti, akaandika kwa muda mrefu bila kumtazama mtu. Kwanza alitumia kalamu ya kawaida. Kisha akaiweka chini akachukua ile ya pili. Akampa Baba karatasi, nami nikasoma begani kwake. *Gari: limefaulu. Dereva: amefeli. Mwendo, kona mbili, kumpungia mkono askari wa barabarani.*

Baba aliusoma mstari wa kwanza mara tatu. Kisha akaikunja fomu, akaiweka mfuko wa kifuani, akaupiga mfuko juu yake kidogo. Mzee wa vyuma chakavu akakunja mnyororo wake, akatoa pole, akakumbuka, akatoa hongera.

"Sasa zamu yangu," Baba akasema, akanyoosha mkono apewe funguo.

Mama hakuzitoa. "Unazijua taratibu. Aliyefeli anarudia baada ya siku saba. Jumamosi ijayo, saa nne kamili. Mpaka hapo gari liko chini ya mtihani."

"Lakini mimi ndiye mwenye gari."

"Panga foleni, mkwe wangu," Bibi akasema. "Na njoo unitoe."

Jumatatu Baba alimtengenezea Bibi meno mapya. Wiki iliyofuata mimi nilirudi shule, ambako mifupa sasa imefungwa kwa kufuli. Juzi nimepata barua ya Baba. Anasema wote hawajambo, bushi limeshika, gego halijalika hata kidogo. Gari dogo jeupe bado linanyeshewa na hakuna anayelalamika. Mama amefeli kwa mara ya tano, na amejiandikia onyo kali. Yeye mwenyewe Baba hajaliendesha bado kupita ile shibiri moja, lakini kila Jumamosi hulisafisha meno saa tatu, kisha husimama langoni na koti lake jeupe mpaka lirudi.

Anasema ameanza kushuku kwamba mtahini anapendelea.